Luwombo: Kupika Bila Kuonja

Leo nimeshinda jikoni nikiandaa luwombo, chakula cha Buganda ambacho nyama, kuku au uyoga hufungwa ndani ya jani la mgomba pamoja na mchuzi wa karanga, kisha hupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Ugumu wake, kwa maoni yangu, uko kwenye chumvi kuliko kwenye jani, kwa sababu furushi likishafungwa halifunguliwi hadi mezani, na mpishi aliyezoea kuonja kila mara hujikuta hana la kufanya ila kungoja.

Hata hivyo, jani nalo lina masharti yake. Huchaguliwa changa lililokwisha kukunjuka ambalo upepo haujalichana, kwani tundu dogo tu latosha kumwaga mchuzi wote chini ya sufuria. Uti wake hupunguzwa unene kwa kisu kikali, nalo hupitishwa juu ya moto taratibu: nta iliyo juu yake huyeyuka, kijani chake hukolea na kung'aa, na kile kilichokuwa kikipasuka kwa kuguswa tu sasa hukunjika kama kitambaa. Hatua hii naipenda kuliko zote. Kisha jani hutandazwa ndani ya bakuli ili lipate umbo, hujazwa, na pembe zake hukusanywa juu na kufungwa kwa ukamba wa mgomba. Mafurushi hupangwa wima juu ya mabua ya mgomba yanayoyatenga na maji.

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo nyama huiva polepole, wala karanga hazishiki chini, mradi maji yaongezwe kwa wakati.

Husimuliwa kwamba luwombo ilibuniwa mwaka 1887 na Kawuunta, mpishi wa Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga. Huenda ni kweli, ingawa Waganda hupika matoke kwa majani ya mgomba pia, nami naona vigumu kuamini kwamba hakuna aliyewahi kufunga kitoweo kabla yake.

Siku hizi wapo wanaotumia karatasi ya alumini. Huhifadhi mchuzi vizuri, lakini haiachi harufu yoyote. Nikikosa majani, afadhali nipike kwenye sufuria ya kawaida na kuwaambia wageni kwamba ni nyama ya karanga.