Nywele za mbele zinazokataa kulala

Upande wa kulia wa paji langu, pale nywele zinapoanzia, zimeota kwa kuzunguka. Zingine zinaelekea juu, zingine sikioni, na kakundi kadogo kanarudi usoni. Mama anazo hizohizo, mahali palepale, na bibi yangu wa Muheza alizificha chini ya ushungi maisha yake yote. Mimi napenda kutoka kichwa wazi na nywele zangu asili, kwa hiyo imenibidi nizisome vizuri. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafanya nyumbani, hapa Tanga, kwa vitu vya sokoni na maji ya bomba.

Tuanze na mzizi, maana ndipo watu wanapopotea. Unywele hauoti wima. Unatoka kwenye kitundu kilicholala upande ndani ya ngozi, na mlalo wa kitundu hicho ndio unaoamua unywele uelekee wapi. Mpangilio huo mtu anazaliwa nao. Mtazame mtoto aliyetoka kunyolewa: utosini utaona nywele zinavyozunguka, kwa watu wengi zikifuata mwendo wa mshale wa saa, na wapo wachache wenye mizunguko miwili. Sisi wengine tumeongezewa mmoja mbele. Hakuna mafuta wala pasi inayoweza kugeuza kitundu. Hata dawa ya kunyoosha inafanya kazi kwenye unywele uliokwisha kutoka tu; unaoota baadaye, kama sentimita moja kwa mwezi, unakuja na njia yake ileile. Nalisisitiza hili kwa sababu naona mabinti wanarudia dawa pale mbele kabla ya wakati wakidhani ya kwanza haikukolea, na wanaishia kuunguza ngozi.

Jambo la pili linaniuma zaidi: kuvuta. Msusi akikutana na nywele zilizosimama, mkono wake unakaza wenyewe. Anataka mistari iwe safi, hasa kama ni ule mtindo wa twende kilioni, ambapo kila kitu lazima kirudi nyuma. Usiku ule paji linakaza, vipele vidogo vinatokea kwenye mizizi, na kulala upande huo huwezi. Kisha unaambiwa vumilia, siku ya tatu zitalegea. Usivumilie, dada yangu. Maumivu na vile vipele ni ishara kwamba mizizi inaumia. Ukiacha mapema, nywele zinarudi. Ukiendelea miaka na miaka, vitundu vinageuka makovu, na hapo hata daktari wa ngozi hana la kukurudishia. Nywele za mbele ni nyembamba kuliko za katikati, na zile zinazozunguka zinavutwa kinyume na mlalo wake, kwa hiyo zinakuwa za kwanza kuondoka. Siku hizi nikikaa kwenye kiti namwambia msusi kabla hajashika kitana: hapa mbele usiguse, niachie kidole kimoja cha nywele nje, na mistari ya upande huu ianzie pembeni ipinde. Msusi mwenye kazi yake anaelewa mara moja, na mistari ya kupinda inapendeza kweli.

Sasa ile njia yangu ya kuzilaza bila kuzivuta. Siri ni maji. Unywele ukilowa, vifungo vidogo vinavyoushikilia katika umbo lake vinaachia. Ukikauka vinajifunga upya katika umbo utakalokuwa nalo wakati huo. Ndiyo maana kuzipiga brashi zikiwa kavu na kuzipaka jeli juu ni kazi bure: zitalala dakika chache tu. Nalowesha mpaka mzizi, kwa kiganja, huku nikisugua ngozi kwa ncha za vidole kwenda kila upande, ili mizizi isahau jinsi ilivyolala usiku. Nakausha maji yanayodondoka kwa fulana kuukuu ya pamba, maana taulo inazitibua. Halafu mafuta ya nazi, tone tu, kisha jeli.

Jeli yangu ni ya bamia. Nakata bamia changa, nachemsha na maji kidogo mpaka ule mlenda uwe mzito, nachuja kwenye kitambaa safi ungali moto, maana ukipoa hauchujiki. Inakaa kwenye friji siku chache. Ikibadilika harufu, mwaga. Inashika vizuri na haiachi unga mweupe kama baadhi ya jeli za dukani zinavyofanya ukichanganya na mafuta mengi.

Baada ya jeli nachukua mswaki laini, nazilaza kuelekea zinakotaka kwenda. Sizirudishi nyuma. Zile za juu zinapanda, za pembeni zinaelekea sikioni, na kakundi kanakorudi usoni nakapinda kawe kawimbi kwenye paji. Nafunga kitambaa cha satini, kwa kubana kiasi cha kugusa tu, na sikifungui mpaka zikauke kabisa. Hapo ndipo subira inapohitajika. Ukifungua zikiwa na unyevu, zinakaukia hewani zikiwa zimesimama, na itabidi uanze tena na maji. Kwa sisi wa pwani masika yana mtihani wake: hewa yenyewe imejaa maji, kwa hiyo kufika mchana zimeanza kunyanyuka. Siku hizo sishindani nazo, nafunga kilemba nikaendelea na kazi.

Kama nina shughuli kesho yake, kitchen party au harusi, natumia uzi mweusi, ule ule wa bibi zetu. Nagawa lile eneo vifungu viwili au vitatu vikiwa na unyevu, nazungushia uzi kutoka kwenye mzizi hadi ncha bila kukaza, nalala navyo. Asubuhi nywele zimenyooka bila moto, na mzizi umelazwa upande niliouchagua. Hakuna draya iliyowahi kunipa matokeo kama hayo.

Na njia ya nywele, ule mstari unaogawa kichwa, ianzishe palepale kwenye kitovu cha mzunguko. Nywele zitaanguka zenyewe kulia na kushoto. Ukiiweka vidole viwili pembeni, upande mmoja utanyanyuka siku nzima.

Mwanangu wa kiume, mzunguko wake uko utosini. Namnyoa mwenyewe nyumbani, na nimeona kwamba mashine ikipita kinyume na mlalo wa nywele pale, inachimba: panabaki doa kama upara, na watoto shuleni hawaachi kusema. Kwa hiyo kichwa kizima natumia kitana kifupi cha mashine, lakini nikifika utosini nabadilisha naweka kinachofuata kwa urefu, kisha naizungusha mashine taratibu kufuata mzunguko wenyewe, kuanzia katikati kwenda nje. Nywele zake ni za kipilipili, zikiachwa ndefu kidogo zinajishika na mzunguko hauonekani. Mtoto wa jirani ana nywele za singa na kwake ni kinyume: fupi kidogo tu zinasimama kama shungi la ndege, kwa hiyo mama yake anamwachia utosini ziwe ndefu mpaka uzito wake uzilaze.

Akienda kwa kinyozi na baba yake, nawaagiza waseme kabla mashine haijawashwa: utosini usipandishe, zungusha.