Mwendo wa Meli na Moshi Wake
Katika Bandari ya Mwanza Kusini, mabehewa husukumwa kuingia melini yakiwa na shehena ambayo mara nyingi imekwisha kuvuka bahari hadi Dar es Salaam. Safari hiyo ya baharini ndiyo inayonishughulisha, kwani meli za dunia huchangia karibu asilimia 3 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Sheria ya kimataifa ya mwaka 2020 ilipunguza salfa katika mafuta ya meli hadi asilimia 0.5, jambo jema kwa mapafu, lakini haikugusa hewa ukaa. Naona dawa iliyo karibu ni mwendo: kasi ikipunguzwa kwa asilimia 10, mafuta ya safari nzima hupungua kwa takriban asilimia 19, ijapokuwa mzigo utachelewa kidogo (nasi wa Mwanza tumezoea kungoja).