Jumamosi ya mchanga

Juzi binti wa kaka yangu, yule wa Korogwe, alinitumia ujumbe wa sauti. Mumewe amepata nafasi ya masomo Odense, naye atamfuata mwezi wa nane. Sikumsikia akiulizia baridi wala bei ya nyumba. Aliuliza: "Shangazi, ni kweli Wadenmark hawataki mazoea na mtu? Na kazi utaipataje mahali ambapo hakuna anayekujua?" Nilikuwa kituoni nasubiri basi. Niliusikiliza mara ya pili, na papo hapo ikanijia ile Jumamosi ya Aprili 2014. Nimemwahidi jibu la maana, basi naliandika hapa kwanza.

Mnajua tulivyofika Aarhus, hapa Denmark. Ilikuwa Agosti, jua bado linakawia kuzama, mume wangu ameshaanza utafiti wake chuoni, mtoto ana miaka mitatu, na mimi nina cheti changu cha uhasibu, CPA ya NBAA ya Tanzania, kwenye bahasha ya plastiki, isije ikakunjika. Mambo ya serikali yalikwenda upesi kuliko nilivyotegemea. Tulipata namba ya CPR, namba ya utambulisho ya kila mkazi, ambayo bila hiyo hapa ni shida kufungua hata akaunti ya benki. Ikaja kadi ya njano ya matibabu, yenye jina langu na jina la daktari wangu. Nikaandikishwa shule ya lugha, na wakati huo tulisoma bure. Kila ofisi niliyoingia nilihudumiwa kwa adabu na kwa saa waliyonipa. Kilichonishinda kilikuwa ngazi za jengo letu.

Kwetu ukihamia nyumba mpya, hujamaliza kushusha mizigo mtu ameshapiga hodi. Atakuletea hata maji ya kunywa, atakuuliza umetoka wapi, kabila gani, mume anafanya nini, na jioni yake mtaa mzima una habari zako. Pale jengoni, kwenye ngazi nilikuwa napata "hej" moja, tabasamu dogo, na mlango unafungwa taratibu. Hakuna aliyenifanyia ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana sikuwa na wa kumlaumu. Desemba ilipofika, kabla ya saa kumi alasiri giza limeshaingia. Nyumba nyingi hazina mapazia. Nikitoka kumchukua mtoto naona kila dirisha lina mishumaa, watu wamekaa mezani wanakula, wanacheka, na mimi nimesimama uani na mtoto mkononi. Huwezi kupiga hodi. Kutembeleana hapa ni jambo la kupangiana, mtu anafungua kalenda yake na kukutajia siku ya wiki tatu mbele, tena anakuambia kwa moyo mweupe kabisa, kwa furaha.

Na kazi hivyo hivyo. Niliandika barua za maombi hadi nikazijua kwa moyo. Majibu yalikuja, tena yenye maneno laini: wameshukuru, waombaji walikuwa wengi, wananitakia kila la heri. Wenzangu wa darasani walikuwa wakisema kazi nyingi hapa hupita kwa kujuana kabla hazijatangazwa. Nilijiuliza nitajuana na nani, katika mji ambao watu niliozungumza nao zaidi ni mwalimu wa lugha na Wasomali wa soko la Bazar Vest ninaonunua kwao giligilani.

Mwanzoni mwa Aprili tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ngazi. Jengo letu ni la yale ya ushirika wa nyumba, ambapo wapangaji huchagua kamati yao, na kamati ndiyo huamua bustani ipandwe nini na rangi ipakwe lini. Tangazo lilisema Jumamosi saa nne asubuhi ni siku ya kazi, kila mlango utoe mtu anayeweza, andika jina lako na kazi unayopenda. Mume wangu alinisaidia kulisoma. Nikamwambia: "Huu si msaragambo?", ile kazi ya pamoja ya kijiji kwetu. Nikachukua kalamu, nikaandika jina langu kwenye mstari wa mchanga, kwa sababu ulikuwa bado hauna mtu hata mmoja.

Saa nne kamili uani palikuwa pamejaa. Watu wale wale wa "hej" moja walikuwa wamevaa mabuti na suruali kuukuu, kwenye meza ndefu kuna mikate midogo, siagi, jibini, chupa kubwa za kahawa, na kile kileo chao kichungu cha Gammel Dansk, ambacho wenyewe hukinywa asubuhi na chakula. Nilipokataa hakuna aliyenilazimisha. Mwenyekiti wa kamati hakutoa hotuba. Alitaja kazi, akataja watu, akashika reki na yeye akaanza.

Mimi nilipangwa na mama wa ghorofa ya tatu, mstaafu wa posta. Yule mama nilikuwa nimepishana naye kwenye ngazi tangu Agosti. Kazi yetu ilikuwa kuutoa mchanga wa zamani kwenye shimo la watoto la kuchezea na kujaza mpya, uliokuwa umemwagwa na lori pembeni. Mchanga ule ulikuwa umenyeshewa na kuganda tangu Novemba, mweusi, mzito, umeshikana na majani yaliyooza. Nikapiga chepe. Nikapiga tena. Yeye akajaza toroli upande wake, mimi upande wangu, tukawa tunapokezana kusukuma hadi nyuma ya banda la baiskeli. Muda mrefu ulipita hatujasemezana neno. Cha ajabu, ukimya ule haukunibana kama wa kwenye ngazi. Mikono ilikuwa inasemezana. Akiona toroli langu limeelemea upande mmoja anakuja anashika, akishaweka sawa anarudi.

Kisha akasema, kwa Kidenmark cha polepole ili nimwelewe: "Umewahi kufanya kazi hii."

Nikamwambia ndiyo, kwetu kijiji kizima hutoka kwenda kulima barabara au kujenga shule. Akataka kujua nani analipa. Hakuna. Akataka kujua asiyekuja anafanywaje. Nikamweleza kwamba hutozwa faini, na asipolipa, siku akifiwa ndipo atakapojua watu walikuwa wakihesabu. Alisimama akaegemea chepe lake. Akasema hapa hakuna faini, "lakini tunajua nani hakuja," na akatazama juu kwenye madirisha mawili matatu, kwa zamu, bila kutaja jina.

Tuliendelea. Mchanga ulitoa vitu: kijiko, gari dogo la plastiki lisilo na gurudumu, kifuniko cha chupa. Halafu yeye akainama, akachomoa kitu kilichoviringika kama panya aliyekufa, akakikung'uta kwenye goti, akakifungua vidole. Glavu ya mtoto, nyekundu, imejaa mchanga hadi kwenye kidole gumba. Akaninyooshea.

"Ya mwanao," akasema.

Ilikuwa ya mwanangu kweli. Ilipotea Novemba, nikaitafuta siku nzima, na mtoto akalia njia nzima ya kwenda chekechea kwa mkono mmoja kupata baridi. Nikamuuliza amejuaje. Akajibu kama mtu anayesoma orodha: mwanao alikuwa na glavu nyekundu hadi majani yalipokwisha kudondoka, kisha akawa na za bluu. Mnatoka kabla ya saa mbili asubuhi. Alhamisi anarudi na baba yake. Mara moja theluji ilipoanguka ulimwacha ailambe, ukacheka sana.

Niliishika ile glavu iliyolowa, nisijue niseme nini. Majira yote ya baridi nilikuwa nimeamini kwamba tunapita uani pale kama hewa. Kumbe kuna mtu alikuwa dirishani na kikombe chake cha kahawa, anajua rangi ya glavu za mwanangu. Nilitaka kumuuliza kwa nini basi hukushuka, kwa nini hukugonga mlango, lakini maneno ya Kidenmark ya kuuliza jambo kama lile sikuwa nayo, na pengine hata kwa Kiswahili yangenikwama. Nikasema asante. Yeye akaokota chepe lake, akaniuliza kwetu nilikuwa nikifanya kazi gani. Mhasibu, nikasema. Akaitikia kwa kichwa, akajaza toroli.

Mchana mchanga mpya ukawa umeshajaa, mweupe, watoto wakaurukia hata kabla hatujausawazisha. Tukala soseji za kuchoma, mimi nikapewa za kuku, watu wakakusanya vyombo, kila mmoja akashukuru kwa siku ile, na kufikia saa tisa uwanja ulikuwa mtupu. Hakuna aliyesema "karibu kwangu". Nilipanda ngazi nikiwa na furaha na huzuni kwa pamoja.

Yaliyofuata nayaeleza kwa haraka. Siku chache baadaye tulipokutana kwenye ngazi yule mama alisimama. Alinishukuru kwa mara ile, kama wanavyofanya hapa watu walioshirikiana jambo, kisha akasema kwamba mtunza hazina wa kamati anahama, na kwamba amewaambia wenzake kuna mhasibu ghorofa ya kwanza. Nikamwambia Kidenmark changu ni cha mtoto. Akasema namba ni namba.

Namba za Kidenmark mnazijua. Tisini na tano wanaanza na tano. Hamsini yenyewe imejengwa kwa ishirini mbili na nusu, na mtu akikutajia namba ya simu anaimwaga mbili mbili mpaka nane zinaisha wewe bado uko kwenye ya kwanza. Basi Jumatano kwa Jumatano nilikwenda jikoni kwake, kwa miadi, tukakaa na vile vijitabu vya bei za maduka vilivyokuwa vikiletwa nyumbani. Yeye ananyooshea kidole nyama, siagi, sabuni, mimi nasoma bei kwa sauti. Mkutano wa wapangaji ulipofika nikachaguliwa kwa kunyoosha mikono. Mwaka uliofuata nilisimama nikasoma hesabu za jengo, kodi ya ukumbi wa sherehe, mbegu za maua, mchanga. Nilitetemeka, lakini hesabu zilifunga hadi øre, senti yao, ya mwisho.

Siku ile alikuwepo baba mmoja wa ngazi ya pili ambaye sikuwa nikimjua. Ofisini kwake palikuwa na dada anayekwenda likizo ya uzazi, na walikuwa wanatafuta wa kumshikia nafasi. Kwenye usaili, cheti changu cha NBAA walikitazama kwa heshima wakakiweka pembeni. Walichotaka ni habari za kamati: tunakubalianaje, wasiolipa tunawafuatiliaje, nani anahakiki vitabu. Kisha bosi wao, ambaye nao humwita jina la kwanza tu, akampigia simu mwenyekiti wetu. Yule dada aliporudi na mtoto wake, mimi nikahamishiwa meza nyingine, na mpaka leo nipo.

Swali la glavu nilikuja kuliuliza miaka kadhaa baadaye, lugha ilipokaa sawa. Nilimuuliza jikoni kwake. Tangu Agosti hadi Aprili ulikuwa unatuona, kwa nini hukuja? Alishangaa kweli. Akasema mlikuwa mmetoka mbali, mna mtoto mdogo, mmechoka, nilidhani mnataka utulivu. Kwake yeye kutugongea mlango kungekuwa kutusumbua. Namwamini. Lakini nikiikumbuka ile Desemba uani, bado nasema moyoni kwamba angegonga. Haya mawili nimeshindwa kuyapatanisha.

Na kuna jambo linanizuia kumwambia mtu yeyote kwamba fanya hivi utapata hivi. Darasani kwetu alikuwepo kaka mmoja wa Bujumbura, mhandisi wa maji, ambaye Kidenmark chake kilitushinda sote. Jumapili alikuwa anakuja kwetu kula ugali, tunazungumza Kiswahili mpaka usiku. Alipanga chumba nyumbani kwa mtu, hana ngazi, hana kamati, hana Jumamosi ya kazi. Nilimwomba yule mama amsaidie, akamwingiza kwenye kwaya yake ya Jumanne. Walimpokea vizuri sana. Alialikwa siku za kuzaliwa za watu, zile zenye bendera ndogo mezani, akafundishwa kupiga makasia, na mmoja wao alikuwa akimsahihishia barua za maombi neno kwa neno. Marafiki wale walikuwa wa kweli, niliwaona kwa macho yangu. Kazi haikuja. Alipita usaili baada ya usaili, na kila mara kulikuwa na mtu mwingine aliyeshafanya kazi Denmark. Alipoondoka kwenda Kanada, nusu ya kwaya ilimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Billund.

Sasa yuko Montréal, anafanya kazi ya maji aliyoisomea. Tukizungumza kwa simu anaanza kwa kuulizia kwaya: nani anaimba sauti ya tatu siku hizi, mama wa ghorofa ya tatu bado anakwenda, nyimbo zipi wameanza. Namjibu moja moja, maana siku hizi Jumanne naenda mimi.