Tepu ilipoota ndevu

Kwa miezi miwili chini ya sinki letu hapa Makorora iliishi ndoo. Ya lita 10, ikiwekwa baada ya isha, mchana wa pili imejaa, na mita ya maji huko nje haijui kusamehe. Mafundi wawili nilishawaita. Tanga si ndiko kwa waja leo waondoka leo? Basi walikuja, wakaondoka, tone likabaki.

Jumamosi moja nikafunga koki kuu, nikasema leo nafanya mwenyewe. Bomba la chuma la nusu inchi linatoka ukutani, linashika soketi ya plastiki, yaani kiungio, halafu ndiyo koki ya sinki. Nikazungusha tepu nyeupe ya kuzibia maji raundi mbili juu ya hesi, yaani ile mikato ya kufungia kwenye mdomo wa bomba, nikakaza. Tepu ikaanza kutoka nje, imejisokota, ikaning'inia shingoni mwa soketi kama ndevu za beberu. Nikajua ni ziada tu. Nilipofungua maji, tone limekuwa mchirizi. Hasira zikanipanda, nikaikamata spana kwa mikono miwili nikaining'inia. Soketi ikalia "ta!", ufa kuanzia mdomoni hadi katikati.

Hapo nikamwendea baba mdogo. Huyu alitumikia karakana ya shamba la mkonge hadi akazeeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu nione ulichoharibu."

Hakuiangalia hata soketi. Alishika zile ndevu, akacheka. "Umezungusha kinyume. Soketi inaingia huku, tepu inakimbilia kule. Lazima itapike."

Akanituma soketi mpya, safari hii yenye pete ya shaba ndani. Niliporudi nilimkuta anasugua hesi za lile bomba kwa brashi ya waya. Kutu na mabaki ya tepu za wale mafundi yakadondoka kama pumba. Akafuta kwa kitambaa kikavu. Kisha akanifanya niinue shingo niutazame mdomo wa bomba uso kwa uso: tepu ifuate mshale wa saa. Uanze hesi ya pili, ile ya kwanza uiache wazi, la sivyo vipande vitaingia majini na kuziba koki. Na uivute! Mimi nilikuwa naiviringisha kama bandeji. Yeye aliivuta mpaka meno ya hesi yakachomoza chini yake, akapiga raundi sita. Soketi ikaingia kwa mkono mpaka ikagoma, ndipo spana ikaongeza kama mzunguko mmoja, huku spana ya pili imelishika bomba la ukutani lisizunguke.

Koki akaniachia mimi. Ikakaa mshazari, nami nikairudisha nyuma kidogo inyooke.

"Toa. Anza upya."

"Kidogo tu, baba!"

"Tepu haijui kidogo. Ukishairudisha imechanika."

Nikatoa, nikasugua, nikaanza upya. Katani ya kuzungushia badala ya tepu, akasema, ingenivumilia, kwa kuwa nyuzi zake zikilowa hufura na kujaza pengo. Kwenye bomba za chuma zilizolika hesi yeye bado anaipendelea, pamoja na dawa yake ya kupaka. Hapo akapata la kunisimanga: "Yule Mjerumani Hindorf kaleta mkonge huku 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, wewe mtoto wa Tanga unaninunulia tepu ya plastiki!" Nikanyamaza. Plastiki ni ya shilingi kidogo na dukani ipo kila siku.

Tukafungua koki kuu polepole. Kwa macho kila kitu kilikuwa kikavu, lakini baba mdogo hayaamini macho yake ya uzee, wala yangu. Akaviringisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungio, maana hiyo hata jasho la bomba huionyesha kwa doa. Alfajiri, kabla ya kwenda msikitini, nilipiga magoti na tochi ya simu. Karatasi ya soketi kavu. Ya koki kavu.

Ndoo mke wangu ameshaichukua, anarowekea kunde.