Ya Nane na ya Tisa

Nilikuwa zamu ya jioni katika maabara moja hapa Nairobi. Sampuli ililetwa na bodaboda kupitia Jogoo Road: tyubu ya kifuniko cha bluu, nusu tupu, imezungushiwa barafu. Ilikuwa ya mtoto wa kiume aliyeng'olewa jino siku iliyotangulia na damu haikati. Niliikataa. Tyubu ile ina sitreti, dawa inayozuia damu kuganda kwa kukamata kalsiamu yake, mililita 0.3 kwa damu mililita 2.7. Damu ikipungua, sitreti iliyozidi inakamata hata kalsiamu tunayoongeza wakati wa kupima, na mtu mzima wa afya anasomeka mgonjwa. Barafu nayo inavuruga protini zenyewe.

Mama akamleta mtoto mwenyewe, mgongoni, khanga ina madoa begani.

Nilizungusha damu mpya kwenye mashine dakika 15, nikapima. PT, kipimo kimoja cha muda wa kuganda, ilikuwa sawa. Kwa APTT, kipimo cha pili cha muda huo, niliweka plazima, yaani majimaji ya damu yaliyojitenga na chembe, mikrolita 100 na kitendanishi mikrolita 100 kwenye maji ya nyuzi 37, kisha kalsiamu mikrolita 100, nikabonyeza saa. Kwa kawaida huganda kwenye sekunde 30 hivi. Sekunde 80 zilipita nikiinamisha tyubu mbele ya taa: ukungu kwanza, kisha uzi mweupe wa fibrini, protini inayofanya bonge la damu, kisha plazima ikaacha kutiririka.

Nikaichanganya nusu kwa nusu na plazima ya watu wenye afya. APTT ikarudi kawaida. Nikaiacha saa mbili kwenye nyuzi 37, kwa kuwa kingamwili dhidi ya faktori ya nane, moja ya protini za kugandisha damu zinazotajwa kwa namba, huchelewa kujitokeza. Haikurefuka, basi haikuwa kingamwili. Ulikuwa upungufu, lakini wa faktori ipi, ya nane au ya tisa?

Faktori ya tisa ndiyo inayokata ya kumi na kuiamsha. Ya nane haikati chochote: inaishika ya tisa juu ya utando wa chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, na kuiweka mkao wa kazi. Wakishikana, kasi hupanda zaidi ya mara 100,000. Ndiyo maana akikosekana mmoja, kipimo kinasoma vilevile. Dozi ndiyo inayotofautiana: yuniti 1 ya faktori kwa kilo ya mwili huongeza faktori ya nane kwa asilimia 2, ya tisa kwa asilimia 1 tu.

Kwenye friza tulikuwa na plazima ya mgonjwa asiye na ya nane, na ya mwingine asiye na ya tisa. Ya mtoto ilipochanganywa na ya kwanza, APTT ilibaki ndefu. Ilipochanganywa na ya pili, ikashuka, kila moja ikiipa nyenzake ilichokosa. Himofilia A, ugonjwa wa kurithi wa kupungukiwa na faktori ya nane.

Mtoto alikuwa na kilo 18. Kufika asilimia 50 ya kiwango cha kawaida alihitaji yuniti 450, nasi tulikuwa na kichupa cha 500. Kikatosha.

“Daktari, nina mwingine mchanga nyumbani, wa kiume.”

“Mlete tumpime, mama, kabla hajatahiriwa.”