Siku niliyomkalimania mama mkwe

Hii ilikuwa Februari 2018, baridi ile ya kukata masikio, na mie siku hiyo nilikuwa dereva tu. Mke wangu alikuwa na shifti, akanambia mpeleke mama hospitali, mkalimani atakuwepo, ni mwanamke, ameshapangwa, wewe kaa nje kwenye viti. Basi. Sikujua hata mama anaumwa nini, manake mama mkwe hamuelezi mkwewe ugonjwa wake na mkwe naye haulizi, sisi watu wa Mombasa tumelelewa hivo, na hata huku Uingereza tuliko nyumba moja naye ukimkuta sebuleni unapunguza sauti.

Mkalimani hakuja. Tukangoja nusu saa, nesi akapiga simu kwa waliompanga, ikaita ikaita haikushikwa, akajaribu wakalimani wa kwenye simu akapewa mtu wa lugha nyengine kabisa. Apointimenti yenyewe tulikuwa tumeingoja miezi minane na nesi akasema wazi, kama leo haifanyiki itabidi tupangiwe upya. Akanitazama mie. Mie nikamtazama mama, mama akatazama sakafu, alafu akasema kwa sauti ya chini, "Ingia babake Salma. Mungu ndo kataka."

Swali la kwanza lilikuwa usiku anaamka mara ngapi kukojoa, na je, mkojo humtoka kabla hajafika chooni. Nesi kauliza kwa upole tu, kazi yake. Lakini mie nilibaki na lile swali mdomoni, kwetu neno hilo waambiwa watoto, humwambii mzazi wa mkeo. Mwisho nikasema huku natazama ukuta, "Mama, auliza usiku wainuka mara ngapi kwa haja ndogo."

"Tano. Siku nyengine sita."

"Na auliza kama... hukushinda njiani."

Akanyamaza. Alafu akajibu, na alipoanza hakusita tena. Akasema hushindwa, akisikia maji ya mfereji tu hushindwa, na kinachomuuma zaidi ni sala. Msikitini siku hizi hukaa nyuma kabisa, mlangoni, karibu na choo. Sheikh alishamwambia mwenye udhuru kama huo anatawadha kwa kila sala na sala yake ni sahihi, hukmu anaijua, lakini moyo haumtulii. Dawa alipewa, zikamkausha mdomo mpaka tende haimezeki, akaacha. Miaka minne hiyo! Miaka minne tunakula meza moja, tunasafiri mpaka London kwenye harusi za watu na mie najiuliza kwa nini mama hataki kunywa maji garini.

Nikamtafsiria nesi yote, na la udhu nikamuelezea vizuri, akaliandika.

Sasa zamu yake kueleza matibabu. Akasema kuna mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka uti wa mgongo chini kule kiunoni mpaka nyuma ya fundo la mguu, na mizizi yake huko juu imeshikana na ile inayoongoza kibofu. Kwa hivo ukiupa mshtuo mdogo wa umeme pale mguuni, habari inapanda mpaka kwenye ile mizizi na kibofu kinatulia. Mie nikatafsiri nikasema "mshipa", mama akashtuka, "Mshipa? Mshipa si ugonjwa wa wanaume?" Kweli, kwetu neno ni hilohilo, ngiri ni mshipa, wa damu ni mshipa, na wa fahamu ni mshipa. Nikaliacha. Nikamwambia mama hii ni kama waya wa kupeleka habari. Kibofu chako ni kama mtoto anayesimama ufuoni akapiga kelele jahazi limefika, limefika, na jahazi bado liko mbali baharini, wewe ukisikia wakimbia. Sasa hawa wataka kumtuliza huyo mtoto mpaka jahazi lifike kweli.

Hiyo ikaingia. Ila, "Na stima je? Waniweka stima mwilini?"

Nesi akafungua kile kimashine, kidogo, chaenea kiganjani, akatoa betri yake akamuwekea mama mkononi. Betri ya volti 9 ile ya mraba, kama ya redio za zamani. Mama akaigeuza akairudisha. Akaulizwa kama ana mashine ya moyo kifuani, hana, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hatumii. Akavua soksi, akapandisha buibui kidogo, mie nikageuka nikatazama dirishani.

Lakini nesi aliniita, alitaka nimuulize mama anasikia wapi, na hapo ndo nikaona. Sindano nyembamba kama unywele, imechomwa kwa ndani ya mguu, vidole vitatu hivi juu ya fundo, na kibandiko kimoja kwenye unyayo. Nesi akawa anapandisha umeme pole pole, moja, mbili, tatu, anauliza, natafsiri, mama asema bado. Ya sita mama akasema unyayo wafanya ganzi, kama umekaliwa. Ya saba kidole gumba kikajikunja chenyewe. Kilikuwa na hina, imefifia, ya harusi ya mwezi uliopita, na kikajikunja kikaachia, kikajikunja. Nesi akasema ndo penyewe hapo, tumeupata.

Mama akakitazama kidole chake. "Subhanallah," akasema, "mie sikukituma."

Ikawa dakika thelathini za kukaa. Nesi akatwambia mama atakuja mara moja kwa wiki, wiki 12, na wengi hawaoni kitu mpaka ya tano ya sita, asikate tamaa. Na ikishindikana mguuni kuna kifaa kingine kinachopandikizwa chini ya ngozi juu ya tako, waya wake unaingia kwenye tundu la mfupa wa chini kabisa ya mgongo, juu ya kifandugu, mpaka karibu na ile mizizi yenyewe. Baadae nilisoma, Marekani waliruhusu hicho 1997, na kilianzia kwenye utafiti wa madaktari Tanagho na Schmidt huko San Francisco. Yaani dawa zipo, watu wanazihangaikia tangu kabla sijaoa, na mama zetu wako vyumbani wananyamaza na khanga zao wanafua usiku. Inaniuma mpaka leo.

Kwenye gari hatukusema kitu. Tulipofika alishuka, akafunga mlango, akaufungua tena. "Ahsante mwanangu."

Wiki iliyofuata mkalimani alikuja, mie nikakaa nje kwenye viti. Kwenye ya saba mke wangu akanambia mama kaamka mara tatu tu, ya kumi mara mbili.

Ramadhani mwaka ule iliingia katikati ya Mei, na huku taraweh zikawa zaanza saa tano usiku. Nilimpeleka, nikangoja garini nje ya mlango wa wanawake. Wakaanza kutoka, nikawa namtazamia mwanzo mwanzo, manake wa nyuma ndo hutoka kwanza. Wakatoka wote, nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Alikuja mwisho kabisa, viatu mkononi, na wale mabibi wa safu ya mbele.