Kifaransa, mwezi wa nne: daftari jipya, safu ya Kiswahili

Wiki ya 14

Leo nimefungua daftari la pili. La kwanza lilikuwa na safu mbili kila ukurasa, Kifaransa kushoto na Kiingereza kulia, kwa sababu kitabu ninachosomea kiliandikiwa wanaojua Kiingereza. Katika hili safu ya kulia ni ya Kiswahili.

Kilichonigeuza ni zoezi moja. Nilitakiwa kusema nina njaa, nikaandika "je suis faim", yaani "mimi ni njaa", maana nilikuwa natafsiri Kiingereza neno kwa neno. Jibu sahihi ni "j'ai faim", na "j'ai" ni "nina"! Nikapekua zaidi: j'ai soif, nina kiu. J'ai sommeil, nina usingizi. J'ai vingt ans, nina miaka ishirini. J'ai besoin d'eau, nina haja ya maji. Kitabu kinayaorodhesha yote haya kama misemo ya kukariri, kumbe kitenzi avoir ni "kuwa na" tuliyoizoea. Nimebakiza kukishika kwa kila nafsi: j'ai, tu as, il a, nous avons, vous avez, ils ont.

Wiki ya 15

Wiki tamu kuliko zote. "Je t'aime" ukiikata unapata je, t', aime. "Ninakupenda" ukiikata unapata ni-na-ku-penda. Anayependwa anakaa kabla ya kitenzi huku na huku, na mimi kwa miezi mitatu nilikuwa namsukuma nyuma.

Nikajaribu na vitu. Livre, kitabu: je le lis, ninakisoma. Lettre, barua: je la lis, ninaisoma. Le (ya nomino za kiume) na la (ya nomino za kike) zinafuata nomino kama -ki- na -i- zinavyofuata ngeli. Nimeandika sentensi arobaini za namna hii kwa jioni tatu, na za mwisho sikuhitaji kufikiri.

Kisha son na sa. Nilikuwa naandika "sa livre" kila mwenye kitabu alipokuwa mwanamke. Kifaransa hakimwangalii mwenye kitu, kinaangalia kitu chenyewe: son livre, kitabu chake, sa table, meza yake. Kama cha- na ya- zetu. Angalizo moja: nomino ya kike ikianza na irabu inachukua son, kwa hiyo rafiki yake wa kike ni son amie.

Wiki ya 16

Hapa Kiswahili hakinibebi sana. Upatanisho naujua tangu utotoni, lakini kwetu nomino nyingi hujitambulisha zenyewe: ki- na vi- ziko wazi mwanzoni. Table haina alama yoyote ya kuniambia ni ya kike. Mwisho wa neno husaidia kiasi: zenye -tion karibu zote ni za kike, zenye -age nyingi ni za kiume (le voyage, le fromage), ila la page na la plage zinaasi.

Nimegundua pia kwamba l' (le au la iliyofupishwa kabla ya irabu) inaficha jinsia. Ukiandika "l'école" na "l'arbre" hujui ipi ni ipi. Sasa kila neno naliingiza daftarini na un (ya kiume) au une (ya kike): une école, un arbre, une image. Nimerudia maneno yote ya daftari la kwanza kwa njia hiyo, na kazi hiyo imekula wiki nzima. Sijutii hata siku moja.

Wiki ya 17

Namba. 70 ni sitini na kumi, 80 ni ishirini nne, 97 ni quatre-vingt-dix-sept, ishirini nne na kumi na saba. Wabelgiji na Waswisi wana septante kwa 70 na nonante kwa 90, na ningependa sana wote wafuate hivyo.

Sikio bado zito kwenye vent, vont na vin, na parle, parles, parlent hutamkwa sawasawa, kwa hiyo nafsi naisikilizia mwanzoni mwa sentensi.

Jana usiku nimekutana na wakati uliopita. Le mot, je l'ai écrit: neno, nimeliandika. La lettre, je l'ai écrite: barua, nimeiandika. Katika ya kwanza t ya mwisho haisikiki. Katika ya pili inasikika waziwazi, kwa sababu ya barua iliyotajwa mwanzoni. Nimezisoma kwa sauti mara nyingi sana, na kesho naanza nazo.